Mguu wa Nne wa Kuku ya Wageni

Jumapili iliyopita mjukuu wangu Bosibori alitoka sokoni na karai, na ndani ya karai kulikuwa na miguu kumi na mbili ya kuku. Si zile nyayo za kuchemsha supu, hapana, ni ile sehemu ya nyama iko chini ya paja, wao wanaita dramstiki. Kumi na mbili! Nilihesabu na kidole. Nikamuuliza, "Bosibori, hiyo ni kuku sita. Zingine zimeenda wapi? Vifua viko wapi? Firigisi ziko wapi?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Magokoro, siku hizi inauzwa hivyo, miguu peke yake." Magokoro ndio nyanya kwa Kikisii. Nikamwambia basi kuna nyumba mahali leo inakula migongo sita na watoto wanalia. Huyo Bosibori ndiye anaandika haya maneno, kwa sababu mimi shule niliachia darasa la tatu. Mimi naongea tu kama redio, yeye anaandika, na nimemkataza kunitengeneza.

Alikuwa amezilaza tangu jua la Sabato lizame, kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, na hiyo maji nyeusi ya chupa wanaita soya. Asubuhi akawasha jiko la makaa nyuma ya nyumba, hapa Nyanchwa wanapopanga, akaweka waya juu, akapanga ile miguu kama watoto wa nasari wakilala, kichwa huku, miguu huku. Mafuta ikaanza kudondoka. Jiko ikasema chwaa, chwaa. Sasa mtu mwingine hiyo harufu inamshika kwa pua. Mimi inanishika hapa, juu ya kitovu, pale niko na alama ya moto kubwa kama jani la chai. Watoto wangu wote tisa waliona hiyo alama wakiwa wadogo wakaniuliza, na wote tisa niliwaambia ni uji ulinimwagikia. Bosibori, usiniangalie hivyo, andika. Haikuwa uji.

Mgeni tuliyekuwa tunamngojea ni Mokeira. Nilikuwa sijamwona tangu nikiwa na miaka kumi na tatu, na sasa niko sabini na tatu, hesabu wewe uliyesoma. Sabato moja tu kabla ya hiyo, nilikuwa kanisani hapa juu ya kilima, wanawake wakaimba, na nyuma yangu nikasikia sauti moja nzito imekaa chini ya zingine zote kama jiwe chini ya sufuria. Nikageuka. Mama mzee, kitambaa cheupe, jicho moja limefungwa na pamba. Nikamwambia, "Wewe ni Mokeira wa Kenyenya." Akanisogelea na lile jicho zuri mpaka pua zikakaribia kugusana. "Na wewe ni nani unaniita kama deni?" Nikasema, "Nyaboke. Ndugu ya Kwamboka." Akanishika mashavu na mikono yote miwili. Alikuwa ameletwa Kisii mjini kupasuliwa jicho, anakaa kwa mjukuu wake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikamwalika Jumapili. Watu wote walidhani namwalika kula. Nilimwalika nimwambie kitu. Nilikuwa nimekibeba miaka sitini, na nilikuwa nimeapa kwamba nikimwona Mokeira kabla sijakufa nitakitoa, hata akinitemea mate.

Hicho kitu ni cha ule mwaka mmoja nilikaa kwao Kenyenya. Dada yangu Kwamboka alikuwa ameolewa huko na ndugu ya Mokeira. Shemeji alikuwa mbali Kericho kwa mashamba ya chai, anakuja Krismasi na Pasaka, na dada alikuwa na mimba iliyomshinda. Basi nikatolewa shule, nikavushwa kutoka Nyamira na kapu la viazi kichwani, nikaambiwa nenda ukamshikie dada yako maji. Nilifurahi! Usidhani nililia. Darasa la tatu lilikuwa na mwalimu wa kunichapa, na Kenyenya kulikuwa na Kwamboka, aliyenibeba mgongoni mpaka nikawa mkubwa wa kuona aibu. Lakini nilipoingia kwa nyumba yake sikumjua. Alikuwa amelala kwa kitanda cha mbao, uso umefura kama mkate, miguu imefura imeng'aa. Shemeji alikuwa amemletea viatu vya plastiki vya rangi ya samawati, vilikuwa hapo chini ya kitanda, haviingii hata vidole. Akaniambia, "Nyaboke, bonyeza hapa." Nikabonyeza mguu wake na kidole. Shimo likabaki. Nikatoa kidole na shimo bado liko, kama kwa matope. Akacheka, "Unaona? Nimekuwa unga." Mimi nikacheka pia. Tulikuwa tunacheka na hilo shimo kila siku, mtoto hajui anachekelea nini.

Mwenye boma alikuwa mama mkwe wake, mama yake Mokeira, na sisi wote tulimwita Omong'ina, yaani mama mzee, ingawa nikifikiria sasa alikuwa hajafika hata miaka hamsini. Mjane, mrefu, mkavu kama fimbo. Jikoni kwake kulikuwa kweusi mchana na asubuhi, moshi umepaka kila kitu, juu kwenye dari kuna kuni na wimbi, na kando ya ukuta kuku wanalala chini ya kapu. Kuku walikuwa wengi! Na sisi wanawake hatukula hata mmoja. Hiyo ilikuwa sheria ya ile nyumba na ya nyumba nyingi wakati huo. Mwanamke anamlisha kuku, anamfungia asiliwe na mwewe, anamnyonyoa, anampika, lakini hali. Hata mchuzi haonji, chumvi anapima kwa macho. Omong'ina mwenyewe hakuwa ameonja kuku tangu azaliwe. Siku kuku ikipikwa, sisi tulikuwa na ugali ya wimbi na chinsaga, ile mboga chungu yetu, na tunavuta pumzi sana tukila. Harufu ndiyo ilikuwa nyama yetu. Leo hawa watoto wa Bosibori wanatupa mfupa ukiwa na nyama bado, nami naokota nasema ni ya paka, halafu naingia chumbani nauguguna. Andika hiyo pia, nani atanifanya nini.

Mokeira wakati huo alikuwa na miaka kumi na nane, kifungua mimba wa wasichana, na mimi nililala naye kitanda kimoja. Yeye ndiye alinifundisha kazi ya kuku ya wageni. Kuku ya wageni haipikwi tu ovyo. Anaitwa mwanamume achinje. Unanyonyoa kwa maji moto, unapitisha kwa mwali kuchoma manyoya madogo. Unakata kwa viungo, kisu kinapita kwa maungio, mfupa hauvunjwi. Halafu kabla ya sufuria, kila kipande kinalala kwanza kwa makaa juu ya vijiti vibichi, kinakauka, kinashika moshi, ndio kiende kupikwa. Na kitu kikubwa kuliko vyote, Mokeira aliniambia akinigonga paji na kidole, ni kwamba viungo vyote vifike mezani. Vyote. Mgeni anafunua, anaona kuku ametoka mzima: miguu, mapaja, mabawa, mgongo, shingo, firigisi. Kiungo kimoja kikikosa, umemwambia mgeni kwamba kuna mtu wa maana kuliko yeye ameshakula. "Afadhali umpe mgeni maji matupu," alisema, "kuliko umpe kuku kiwete."

Na Mokeira alikuwa na sababu ya kujua hiyo kazi vizuri, kwa sababu kulikuwa na mtu. Mwalimu kijana kutoka upande wa Nyamira, mwenye baiskeli. Usiku Mokeira aliniongelesha juu ya hiyo baiskeli mpaka nikajua kengele yake inalia vipi. Lakini Omong'ina hakumtaka. Nilikuwa nawasikia wakibishana kwa shamba la ndizi, mimi nikiwa upande mwingine napalilia, wamesahau kwamba mtoto ana masikio. Omong'ina alisema, "Mwalimu ana nini? Baiskeli na chaki. Utakula chaki?" Alikuwa na mtu wake amemchagua, mzee kidogo, mwenye ng'ombe wengi huko chini mpakani. Mokeira akasema, "Mama, huyo wako ana mabibi wawili." "Na ana ng'ombe wa kuwatosha wote watatu." "Basi olewa wewe!" Nikasikia kofi. Kisha Omong'ina akasema polepole, "Wacha waje. Nitawapikia. Mtu asiseme nilifunga mlango." Ndivyo watu wa mwalimu wakapewa siku ya kuja kuposa.

Siku hiyo ilipofika, Kwamboka alikuwa hajakula siku nne. Kila kitu kilirudi, uji, ndizi, hata maji. Alisema kichwa kinapasuka na anaona nyota mchana. Jogoo wawili walichinjwa asubuhi, na mimi nilipewa kazi ya kukaa kwa makaa nageuza vipande. Mokeira alikuwa ameenda mtoni kuoga, apendeze. Omong'ina alikuwa anafagia uwanja. Nikakimbia mara moja kumwona dada, na mikono yangu inanuka. Akaamka! Mtu aliyekuwa amelala kama gunia, akainuka na kiwiko. "Nyaboke, unanuka nini?" "Kuku ya wageni." Akafunga macho. "Niletee mguu." Nikadhani ni homa. "Dada, ni kuku." "Najua ni kuku. Mguu. Uuchome kabisa uive, utie chumvi. Nikila hiyo nitaamka, naijua tumbo yangu. Nyaboke, mimi nimekubeba."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yalinimaliza. Nilirudi jikoni. Miguu minne ilikuwa imelala kwa vijiti, nikausukuma mmoja katikati ya moto kabisa, pale makaa ni mekundu. Nikanyunyiza chumvi ya Omong'ina. Mafuta ikadondoka, chwaa, chwaa, na mimi nikidhani hiyo sauti inasikika mpaka Kericho. Ilipoiva nikaifunga kwa jani la ndizi nikaitia ndani ya nguo yangu, hapa juu ya kitovu, nikafunga na kamba. Natoka mlangoni, nakutana na Omong'ina uso kwa uso. "Unaenda wapi?" "Kumpa dada maji." "Maji yako wapi?" Nikasema nimesahau. Akaniangalia. Nyama ilikuwa inanichoma, jani limepasuka, mafuta moto yanaingia kwa ngozi, na mimi nimesimama wima kama mwanajeshi, machozi yanatoka, sisemi. Akasema, "Moshi imekuingia macho. Nenda unawe." Ndivyo nilipata alama.

Na Kwamboka akala. Nyasae, Mungu wangu, alivyokula! Alishika mguu na mikono miwili. Ngozi ilikuwa imekauka nje, ikalia kwa meno. Alifunga macho, akatafuna polepole, akasema, "Kumbe ndiyo hii. Kumbe ndiyo hii wanatuficha." Akanimegea kipande cha ngozi, "Onja." Nikaonja nikiwa nangojea kuanguka nife. Sikufa. Ilikuwa tamu mpaka nikaona hasira. Nyama yote ikakaa tumboni, haikurudi. Akamung'unya mfupa mpaka ukawa mweupe, akaukunja kwa lile jani akauficha chini ya godoro. Kisha akaomba nimsaidie akae mlangoni kwa jua. Alikaa hapo, miguu yake imetokeza nje, akaimba kidogo. Mimi nikajiambia, nimemponya dada yangu. Hiyo nusu saa, nakuambia, sijawahi kuwa mtu mzuri hivyo tena.

Nilipochungulia jikoni tena, Omong'ina alikuwa ameshatia vipande vyote sufuriani, kwa haraka, kwa giza ile ya moshi, bila kuhesabu. Mokeira akarudi kutoka mtoni akamalizia kupika. Wageni wakafika, wanaume watano na mwalimu. Mokeira akapiga magoti akawanawisha. Akaweka bakuli mbele ya mjomba wa mwalimu, mzee mwenye tumbo na maneno mengi, na mimi niko nyuma ya mlango na kibuyu cha maziwa. Mzee akafunua. Akachukua kijiko akaanza kutafuta, anapanga pembeni kama mtu anapanga mbegu. "Mguu. Mguu. Mguu." Akatafuta tena. Akainama akachungulia. "Watu wa Kenyenya," akasema, "jogoo wenu huzaliwa viwete?" Wengine wakacheka. Kisha kicheko kikaisha chenyewe.

Mokeira alikuwa bado amepiga magoti. Omong'ina akaingia akaangalia bakuli, akasema haraka, "Ni paka." Mzee akaweka kijiko chini taratibu sana. "Huyo paka ana mikono, mama. Amefunua sufuria, amechagua mguu, amefunika tena." Akamgeukia Mokeira. "Wewe ndiye umepika?" "Ndiyo, baba." "Basi mdomo wako ni mrefu, binti yangu. Leo umekula mguu wa wageni, kesho utakula mbegu ya kupanda." Wakanawa mikono ambayo haikushika kitu. Wakaondoka. Mwalimu aligeuka mara moja pale kwa lango, akasukuma baiskeli yake, kengele ikalia yenyewe kwa mawe. Mokeira alisema "Si mimi" mara moja tu. Halafu akageuza kichwa akamwangalia mama yake, akamwangalia sana. Mimi nilidhani anaomba atetewe. Miaka sitini nimedhani hivyo.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua. Nikakimbia kwa dada kwanza nimwambie nitasema, akanishika hapa kwa kiwiko na vidole vyake vilivyofura. "Ukisema, watanirudisha Nyamira nikiwa hivi. Nitafia njiani. Ngoja nizae. Nikizaa tutasema pamoja, mimi na wewe." Basi nikangoja azae.

Hakuzaa. Wiki ya tatu, asubuhi, ng'ombe wakikamuliwa, nikasikia kitanda kinagonga ukuta. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, ulimi umeumwa una damu. Wanaume wanne wakambeba na hicho kitanda kupanda barabarani watafute gari ya hospitali, mimi nafuata na vile viatu vya samawati mkononi, sijui nilidhani atavivaa wapi. Hatukufika barabarani. Wakasimama kwa mteremko, wakamweka chini, mmoja akavua kofia. Kisha wakageuza kitanda. Nilirudi na viatu.

Sasa mtoto wa miaka kumi na tatu atafikiria nini? Nilifikiria ni mguu wa kuku. Mwanamke amekatazwa, amekula, amekufa na mtoto tumboni, na aliyechoma ni mimi. Hakukuwa na mtu wa kuniambia vingine. Mpaka nilipokuwa mwanamke mzima nina mimba yangu ya pili ndio nesi mmoja akaniona nimefura miguu akanipima presha, akanieleza huo ugonjwa wa kichwa na nyota na kutetemeka. Nikamuuliza, "Na kuku? Kuku haileti?" Akacheka. Kisha akaniona uso akaacha kucheka. Akasema, "Mama, kula kuku. Kula sana." Nilitoka hapo nikakaa kwa nyasi mpaka wakanifuata na maji.

Lakini hiyo ni baadaye. Siku ya pili baada ya kumzika, nilikuwa jikoni nimepewa ugali, haishuki. Omong'ina akaingia na lile jani la ndizi, limekauka. Alikuwa amegeuza godoro. Akalifungua juu ya kiganja, mfupa ukaonekana, mweupe. Akauangalia. Akaniangalia tumboni, pale nilikuwa nashika kila saa kwa sababu kidonda kilikuwa kinatoa maji. Nikajua sasa nauawa. Akaweka mfupa katikati ya moto, akakaa kwa kigoda, akaungojea uungue mpaka ukapasuka. Kisha akaniambia, "Mtu akishalala, hasemwi. Kula, ugali inapoa." Na mimi nikashukuru! Nikala. Nilichukua hayo maneno kama amri ya mkubwa, nikafunga mdomo.

Mwisho wa mwaka Mokeira akapelekwa kwa yule wa ng'ombe. Alikuwa haongei na mtu. Siku ya kuondoka alipita mbele ya mama yake kama anapita mti. Alinikuta langoni, nimefunga kapu langu narudi Nyamira, akanishika kichwa. "Nyaboke, usikubali kupikia wageni." Akaenda. Nilikuwa na nafasi hapo, njia nzima ilikuwa tupu. Sikusema. Shule sikurudi, nikaanza kuchuma chai.

Basi Jumapili iliyopita akaja, ameshikwa mkono na mjukuu wake, na kitambaa kile cheupe. Tulikaa nyuma ya nyumba karibu na jiko. Tulicheka sana mwanzoni, alinieleza mabibi wenzake walivyokuwa wanaficha chumvi. Bosibori akamletea mguu kwa sahani, umeiva, ngozi inang'aa. Nikamwambia Bosibori aende ndani. Nikasema yote, bila kupumzika, kama nilivyokuambia wewe: dada, chumvi, jani, viatu. Mokeira alikuwa ameshika sahani kwa mapaja. Nilipomaliza akasema, "Unanidanganya." Nikachukua mkono wake, nikauingiza chini ya blauzi, nikaweka vidole vyake kwa alama. Akaipapasa, anaizunguka na kidole gumba. Akauliza, "Aliumaliza?" "Aliumaliza wote." "Alisema nini?" "Alisema, kumbe ndiyo hii."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nayangojea tangu nikiwa msichana, ningeyapokea kama mvua. Lakini hakunitukana. Alisema, "Mimi nilijua ni Mama." Sikuelewa. "Alimkataa mwalimu, akatia nyama sufuriani kwa mikono yake, akasema ni paka. Nilijua ameuficha ule mguu ili waondoke. Nilimwambia siku hiyo kwa macho, na sikumwambia neno lingine tena. Alituma watu wakiniita akiwa mgonjwa, Nyaboke. Mara tatu. Mara ya tatu alituma kuniambia yuko na jambo moja tu la kunieleza. Nikawajibu, mwambieni amweleze paka."

Jiko ilikuwa inasema chwaa. Nilikuwa nimejua kwamba nilimuua dada, na nesi akanitolea hiyo. Nilikuwa nimejua kwamba nilimharibia Mokeira mwalimu wake. Hii ya Omong'ina sikuijua. Alimfichia marehemu, akanifichia mimi, mtoto wa watu, na akalipa na binti yake. Nikamwambia Mokeira juu ya mfupa kwa moto. Alisikiliza na lile jicho moja limeangalia makaa. "Alikufa hajawahi kuonja kuku," akasema. "Na mimi nilimwita mwizi wa kuku."

Akaweka sahani chini. Hakuwa amegusa. Akasema apelekwe nyumbani. Nilimpeleka mwenyewe, nimemshika mkono, na aliniachia mkono huo kwa sababu ya mawe ya njia, si kwa sababu yangu, nilisikia kwa vidole vyake. Langoni kwao akasimama. "Usinialike tena," akasema. "Nikitaka kuja nitakuja." Nikasema, "Ndiyo, dada." Akaingia. Huku nyuma watoto walikuwa wamekula miguu yote, umebaki ule wake mmoja kwa sahani, umepoa, mafuta imeganda. Watoto walinipa. Sikuweza.

Leo ni Alhamisi. Asubuhi mjukuu wa Mokeira amepita hapa kwa mlango akasema, "Shosho wangu anauliza kama Jumapili mko." Basi. Hakusema anakuja, hakusema amesamehe, ameuliza tu kama tuko. Bosibori ameniuliza alete dramstiki ngapi. Nimemwambia hakuna dramstiki. Nenda soko la Daraja Mbili uniletee kuku mzima, wa kienyeji, akiwa bado analia. Mwite mtu amchinje. Kukata nitakata mwenyewe, kwa maungio, na nitambanika mbele ya huyo mama akiwa amekaa hapo anahesabu.